Mtu wa Chini

27 Februari
Karani wa ofisi ya majengo amesema niandike tarehe na saa. "Bila maandishi, mama, hayo ni maneno ya hewani." Basi nimenunua daftari.
Saa kumi na dakika ishirini jioni: mbio juu ya dari yangu, sebuleni hadi jikoni na kurudi, mara kumi na moja. Saa kumi na moja kasorobo: kitu kizito kimeanguka. Saa kumi na mbili: kuruka. Saa moja na nusu: kimya.

28 Februari
Mbio. Kuruka. Mbio.

2 Machi
Mvua iliyochanganyika na theluji. Mbio tangu saa kumi hadi saa kumi na moja na robo.
Daftari ni la mashtaka, lakini kurasa ni nyingi na sina mwingine wa kumwandikia. Naitwa Pyo Gyeongsuk, miaka hamsini na tisa, sikuolewa. Miaka kumi na mmoja nilimuuguza mama kijijini. Alifariki Oktoba. Desemba kaka yangu akauza nyumba, akaninunulia hii ya hapa Wonju, namba 101, ya chini kabisa, kwa kuwa za chini ni rahisi. "Hutahangaika na ngazi," alisema. "Tena mbele ya dirisha una kipande cha udongo." Kipande chenyewe kina urefu wa vitanda viwili, kimejaa vipande vya matofali. Tangu Desemba amepiga simu mara mbili.
Kijijini kimya kilikuwa na mtu ndani yake. Hapa nikinyamaza nasikia wengine wakiishi.

4 Machi
Nimepeleka karatasi ya tatu ofisini, tarehe na saa zote kama walivyotaka. Karani amesema jina langu halitatajwa.

7 Machi
Mbio, lakini fupi. Kisha sauti ya mama mtu. Kisha hakuna.

9 Machi
Kimya. Siku ya pili. Nimelala mchana kama mtoto mchanga. Nimeshinda.

10 Machi
Nilipopata usingizi nikapata na hamu ya kufanya kitu. Nimepanda basi hadi vitaluni, nje ya mji, kule kwenye mabanda ya plastiki yaliyopangana kando ya barabara. Nje baridi ya kung'ata, ndani joto na harufu ya udongo. Miwani yangu ikapata ukungu papo hapo, nikasimama mlangoni sioni kitu.
"Ingia au toka, lakini mlango ufunge," sauti ikasema. "Maua yangu hayana koti."
Ndiye mwenye banda, Bi Ma, mwanamke mpana mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mbele alikuwa ameweka ya ndani ya nyumba: okidi, jerani, yale madogo ya manjano kama kiini cha yai. Mazuri, lakini nikapiga hesabu ya chungu kimoja kimoja, nikasogea nyuma kwenye vya bei nafuu. Huko kulikuwa na trei za vyungu vidogo vyeusi, udongo mtupu, na kijiti chenye jina.
"Hivi havina kitu," nikasema.
"Vina kitu chini. Vya mbele vitakupendeza leo na kukufia Juni. Hivi vya nyuma havina haya: kila baridi vinakufa, kila mwaka vinarudi. Na ni rahisi kwa sababu watu hulipia wanachokiona."
"Nipe vinne."
"Siuzi vinne. Nauza trei. Ishirini na nne."
"Mimi peke yangu ishirini na nne nipeleke wapi?"
"Ukitaka vinne nenda supamaketi wakakukamue."
Nikauliza bei ya trei. Nikazunguka. Nikauliza tena. Mara ya tatu Bi Ma akaweka chini pampu yake ya maji. "Dada, anayeuliza bei mara tatu huyo anataka kuchumbiwa, si kununua."
"Nusu nachukua mimi," mtu akasema nyuma yangu.
Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti la rangi ya zambarau, barakoa imeshushwa kidevuni. Kwa lafudhi nikajua ni mtu wa Vietnamu. Hakungoja jibu, alikuwa ameshainama, anabonyeza kila chungu kwa kidole gumba, anatoa vyenye jicho la chipukizi upande huu, vigumu upande ule. "Kimoja kizuri wewe, kimoja kizuri mimi," akasema. "Vibaya pia vivyo hivyo." Bi Ma akaguna: "Huyu anajua."
Tukapanda basi moja. Tukashuka kituo kimoja. Tukaingia lango moja. Hapo ndipo aliponitazama vizuri.
"Unakaa hapa? Namba ngapi?"
"Mia na moja."
"Ee! Mimi mia mbili na moja. Juu yako kabisa!" Kisha uso ukamwanguka. "Mama, samahani, tunakusumbua? Binti yangu ana miaka mitano. Sema kweli."
Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Nikasema, "Mimi? Masikio yangu mazito. Sisikii kitu."
Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na glovu zake za udongo. Tangu mazishi hakuna mtu aliyenishika.

11 Machi
Kimya juu.

15 Machi
Jina lake Nhan. Bwana Seok, mlinzi wa lango, humwita Mama Daon, kwa jina la bintiye, na mimi nimeanza kumwita hivyo. Mumewe anaendesha lori la samaki wa barafu, hurudi siku mbili kwa juma. Nimemwambia achukue nusu ya kipande changu cha udongo, kwa sababu kibaraza chake hakipati jua. Alileta koleo siku hiyo hiyo.

16 Machi
Tumetoa matofali. Mgongo.

18 Machi
Vumbi la manjano kutoka jangwani limefunika mji. Sikutoka.

21 Machi
Tumekwenda tena kwa Bi Ma. "Maharusi wamerudi," akatupokea. Safari hii tumegawana trei ya yale maua yanayoning'inia kama vifuko vya moyo, na mimi nikanunua jerani moja ya dirishani, iliyopunguzwa bei kwa sababu tawi limevunjika. Mama Daon amenicheka: "Unaokota vilema." Kisha akanifundisha kuchomeka lile tawi lililovunjika kwenye udongo mkavu, nipate mbili kwa bei ya nusu. Kwao Nam Dinh baba yake alikuza miche ya mapambo. Yeye alijua kuunganisha tawi kabla hajajua kuandika.
Kwenye basi, kurudi, aliweka trei magotini. Halafu akasema, "Kuna mtu ametushtaki. Karatasi tatu. Siku na saa, kama polisi. Mwenye nyumba amesema ikija ya nne hatatupa mkataba mwingine. Unajua ilivyo kazi kupata nyumba, na sura hii yangu?"
Nikatazama nje.
"Ni yule mzee wa 202," akasema. "Bwana Bang. Kila nikipita anakohoa. Mtu anakohoa hivyo kwa nini, kama si chuki?"
"Watu wengine..." nikaanza, nikashindwa kumaliza. Yeye akatikisa kichwa akidhani nimemwonea huruma.

22 Machi
Jana nilihesabu kurasa za mwanzo za daftari hili. Mbio, kuruka, mbio. Mwandiko ni wangu kweli.

30 Machi
Jua la kwanza la maana. Tumepanda.
Mama Daon alimleta mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona Daon karibu: mfupi, nywele zimekatwa sawa juu ya nyusi, buti za mvua za kijani. Kwa miezi mitatu nimemjua kwa visigino vyake tu.
"Msalimie mama mdogo," mama yake akamwambia. Mama mdogo ni mimi. Alianza kuniita hivyo juzi.
"Huyu si mama mdogo, huyu ni bibi," Daon akasema.
"Bibi ni wewe na hayo mabuti," nikamjibu, akafurahi.
Tulichimba, yeye akibeba vyungu kimoja kimoja. Nikaona anatembea vibaya. Nikadhani buti zinambana. Alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, visigino juu, mikono imetanuliwa kidogo, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Juu ya udongo! Anakwenda hivyo, anarudi hivyo.
"Mguu unakuuma?" nikamwuliza.
"Hapana. Ndivyo ninavyotembea."
Mama yake akacheka kidogo, bila furaha. "Baba yake alimfundisha. Tumetandika magodoro sakafu nzima, tukamwambia atembee kama paka. Sasa hata shuleni anatembea hivyo. Mwalimu ameuliza kama tumempeleka hospitali."
Daon alichuchumaa kando ya shimo nililolichimba, akachungulia ndani. Akaninong'oneza, ili asimsumbue huyo anayemwuliza:
"Chini hapa anakaa nani?"
Niliweka mzizi, nikafukia, nikapapasa udongo. Akangoja. Kisha akaondoka polepole kwa vidole vyake akafuate chungu kingine.

31 Machi
Sikula.

2 Aprili
Mvua njema. Machipukizi sita, matatu upande wake, matatu wangu. Juu kimya. Kimya hiki sasa nakisikia. Kinaanza saa kumi kamili, mtoto anapotoka shule, kinakaa juu ya dari hadi anapolala.

6 Aprili
Alfajiri kengele ya mlango. Mama Daon, koti juu ya nguo za kulalia, gazeti kwapani. "Mama mdogo, amka, baridi ya wivu imekuja!" Ndivyo tunavyoiita hii baridi ya Aprili inayoyaonea maua wivu. Majani yalikuwa na jivu jeupe la barafu. Tulifunika kila kitu kwa magazeti, tukakandamiza kwa yale matofali tuliyoyalaani mwezi jana. Vidole vyetu vikawa kama mbao. Nikampikia supu ya soya na majani ya shambani, akanywa mabakuli mawili amesimama jikoni kwangu, akisema mama yake angeniona bahili wa pilipili.
Alipokuwa anaondoka alitazama kuta zangu tupu, na jerani zangu mbili. "Unakaa peke yako kabisa?" akauliza. "Hata Jumapili?"
"Hata Jumapili."
"Basi Jumapili uje kwetu."
Nilisema nitakuja. Kwenda kula kwao, juu ya yale magodoro, siwezi. Nitasema nina mafua.

9 Aprili
Nimemwambia nina mafua, Jumapili sitakwenda. Mafua ya uongo. Ameniletea uji mlangoni.

12 Aprili
Leo lazima niandike yote.
Saa tatu asubuhi nilikuwa napalilia. Mama Daon alikuwa anatoka na taka, Bwana Bang wa 202 anaingia na mfuko wa vitunguu. Yeye ni dereva wa basi aliyestaafu, mtu mrefu, kola safi. Akakohoa.
Mama Daon akatua taka chini. "Kohoa tena," akasema. "Kohoa, kisha kaandike saa!"
"Nini?"
"Mtoto wa miaka mitano! Umemfanya mtoto wa watu atembee kama mwizi ndani ya nyumba yake! Huna wajukuu wewe?"
Bwana Bang akageuka mwekundu. "Mama, mimi nakohoa kwa mapafu yangu. Sijaandika chochote. Na wajukuu ninao, wako Kanada, na natamani wangekuwa wanarukaruka juu ya kichwa changu!"
"Muongo!"
Neno hilo kwa mtu wa miaka sabini na mbili, hadharani. Bwana Seok akatoka kibandani kwake, wanawake wawili wakasimama na mbwa wao. Bwana Bang akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta shahidi. Macho yake yakanifikia. "Wewe unakaa hapa chini," akasema. "Mwambie. Umewahi kuniona nimefanya hivyo?"
Na Mama Daon naye akanitazama, akiwa na hakika nitasimama upande wake.
Nilikuwa nimeshika koleo. Nikasema, "Mimi sijui lolote."
Bwana Bang akaokota vitunguu vyake, kimoja kilichodondoka akakifuta kwa mkono wa shati, akaingia ndani. Mama Daon alikuwa analia kwa hasira. Akanishika bega. "Asante, mama mdogo," akasema. Asante ya nini?

13 Aprili
Nimekwenda kwa Mama Daon. Saa nne, mtoto akiwa shule. Nilichukua daftari hili, kwa sababu niliogopa kwamba nikiwa na mdomo peke yake nitadanganya tena.
Alinifungulia akitabasamu. Nyumba yao yote ni magodoro ya buluu, hadi mlangoni. Nilivua viatu, nikazama hadi vifundoni, nikampa daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza.
Anasoma Kikorea polepole, kwa kidole. Nilikiona kidole chake kikifika "kuruka". Kikasimama. Akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza.
"Hii ni tarehe ya kabla hatujajuana," akasema.
"Ndiyo."
"Lakini siku ya basi nilikuuliza."
"Uliniuliza."
"Nikasema sema kweli."
"Ulisema."
Nilitaka kumweleza kuhusu kijijini, kikohozi cha mama, usingizi. Maelezo yote niliyoyaandaa nikayaona hayana uzito hata wa karatasi. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu usiyemjua kitu alichokiangusha.
"Jana nilimtukana mzee wa watu," akasema. "Mbele yako."
Kisha: "Ondoka, mama wa 101."

14 Aprili
Mvua. Saa mbili asubuhi ametoka na ndoo na koleo, ameng'oa upande wake wote. Ameng'oa vizuri, na udongo wake, bila kukata mzizi. Hakugusa hata kimoja changu. Nilisimama nyuma ya pazia. Alipomaliza alisawazisha udongo kwa kiganja, akaondoka.

15 Aprili
Kimya.

16 Aprili
Kimya.

17 Aprili
Vifuko vya moyo vimefunguka, vyangu. Sikutoka kuvitazama.

19 Aprili
Tumekutana kwenye lango. Alipita. Daon aliinua mkono anipungie, mama yake akaushusha.

21 Aprili
Ofisini. Nimeandika karatasi ya nne, ya kufuta tatu za kwanza, na jina langu kwa herufi kubwa, na nakala nimeomba ipelekwe kwa mwenye nyumba wao. Karani akasema haijawahi kutokea. Nikamwambia imetokea.
Kisha 202. Niligonga, nikainama hadi kiuno, nikasema ni mimi. Bwana Bang akaegemea mlango.
"Yule binti wa 201 alikuja wiki iliyopita," akasema. "Alipiga magoti hapo ulipo, akaomba radhi. Nikamwuliza basi ni nani, akasema hajui."
"Anajua."
"Sasa naona alijua." Akakohoa, kikohozi kirefu cha kweli, akajifuta. "Nilikuuliza mbele ya watu, nawe ukaniacha hivyo hivyo. Chai sitakupa leo. Siku nyingine, huenda. Leo nimekasirika."
Nikasema ni haki yake. Nikateremka. Mama Daon alijua, na hakunitaja.

23 Aprili
Nilipanda tena. Mama Daon alifungua mlango kwa upana wa uso wake tu.
"Unataka nini?"
"Chini yangu hakuna mtu," nikasema. "Ni saruji na udongo. Mlete kwangu akitoka shule. Akimbie, aruke, avunje anachotaka. Mimi nitakaa jikoni, sitamsemesha kama hutaki."
Akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningeona afadhali angeubamiza.

24 Aprili
Nimesogeza meza ukutani. Nimekunja zulia.

25 Aprili
Hakuna mtu. Jua. Nimemwagilia.

26 Aprili
Hakuna.

28 Aprili
Saa kumi na dakika tano, kengele. Daon, soksi za njano, peke yake mlangoni. Mama yake amesimama kwenye ngazi ya tatu, mkono ukutani, hakushuka zaidi.
"Nusu saa," akasema.
Mtoto aliingia kwa vidole. Akazunguka sebule yote kwa vidole. Akatazama dari, akatazama sakafu.
"Mama amesema hapa naweza kukimbia."
"Unaweza."
"Chini anakaa nani?"
"Hakuna."
"Hata mmoja?"
"Hata mmoja. Mtu wa chini ni mimi. Nami niko hapa, unaniona."
Akafikiri. Akashusha kisigino kimoja, akakiinua upesi kana kwamba sakafu ina moto. Niliahidi kukaa jikoni, lakini sikuweza kuendelea kutazama kile kisigino. Nikaja katikati ya sebule, nikakusanya nguvu zangu zote za miaka hamsini na tisa, nikaruka kwa miguu miwili. Vyombo vikalia kabatini. Goti likaniambia maneno yake.
Daon akanitazama kwa hofu, akangoja mtu agonge ukuta. Hakuna aliyegonga. Akacheka kwa pua. Kisha akashuka, visigino vyote viwili, akaruka. Akaruka tena. Akakimbia hadi jikoni na kurudi, na sikuhesabu mara ngapi. Jerani moja ikaanguka dirishani, chungu kikapasuka, naye akaganda, akapanda tena juu ya vidole.
"Kimbia tu," nikamwambia. "Hiyo nitaipanda tena."
Akakimbia.
Nusu saa ilipokwisha mama yake alikuwa mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alimvalisha viatu, akamfuta jasho la shingo kwa kiganja, akautazama udongo uliomwagika sakafuni kwangu. Hakuniita mama mdogo, wala mama wa 101, wala chochote.
"Alhamisi pia," akasema. "Kama una nafasi."
Nikamwambia nafasi ninayo.